Ukishasema "Picha Kali", Umesema Nini?

Wanachuo wenzangu, nianze na swali jepesi. Mwenzako akikuonyesha picha aliyopiga, ukamwambia "kali sana mwanangu", kesho akitoka tena kupiga atafanya nini tofauti? Hakuna. Atapiga vilevile alivyopiga jana. Na ukimwambia "hii hovyo"? Pengine hatapiga kabisa. Sifa na kejeli tunaziona kama maadui, lakini kwenye kazi yetu hii zinafanana kama mapacha: zote mbili hazimwachii mpiga picha kitu cha kushika mkononi.

Nipo kwenye klabu ya picha ya chuo mwaka wa tatu sasa. Grupu letu Jumapili usiku huwa linafurika picha za wikiendi. Chini ya kila picha utakuta "unyama", "chuma hicho", alama za moto tano. Halafu anatokea mmoja, mara nyingi yule mwenye kamera ya bei, anaandika neno moja la kuchoma na kupotea. Kati ya hao wote hakuna aliyesema picha inaonyesha nini. Makala hii ni juu ya namna ya kusema hilo. Haihitaji uwe bingwa wa kamera, inahitaji utulie na picha ya mwenzako kwa dakika tano.

Mfano wangu utatoka Rukuba. Kwa wageni wa Mara, Rukuba ni kisiwa ndani ya Ziwa Victoria, kipo Kata ya Etaro, Wilaya ya Musoma. Watu wake wanaishi kwa ziwa, na dagaa ni sehemu kubwa ya maisha hayo. Kwa mpiga picha ni kama kuingia dukani bila kulipa: mawe, maji, mitumbwi, dagaa wanaong'aa juani kama vipande vya bati. Ndiyo maana wengi wetu tukipata nafasi tunapanda boti na simu zetu mfukoni.

Mwenzetu mmoja wa mwaka wa kwanza alirudi kutoka huko na picha ambayo ameniruhusu niitumie, mradi nisimtaje jina. Picha ni hii. Mama mmoja ameinama mchangani, mikono yake ipo kwenye dagaa. Nyuma yake ziwa linawaka kwa jua la mchana. Uso wake ni mweusi tii, macho hayaonekani. Kiwiko chake cha kushoto kimekatwa na ukingo wa picha. Mstari wa ziwa umelalia upande mmoja, kana kwamba maji yatamwagika. Maelezo aliyoandika chini: "Mama wa Rukuba akianika dagaa."

Kwenye grupu alipata moto kibao, na ujumbe mmoja: "Dogo, nunua kamera kwanza." Wiki mbili zilizofuata hakuweka picha yoyote. Tulipokutana Ijumaa kwenye kikao cha klabu, tukaomba tuijadili picha ileile upya, kwa utaratibu. Utaratibu wenyewe ndio huu.

Kwanza, muulize alitaka nini

Kabla hujatoa hukumu, jua mwenzako alikuwa anaelekea wapi. Huwezi kumwambia dereva amepotea kama hujui safari yake. Kuna mwalimu wa dansi wa Marekani, Liz Lerman, ambaye tangu mwaka 1990 amekuwa akifundisha njia ya kutoa maoni juu ya kazi za sanaa ambazo bado zinatengenezwa. Kwenye njia yake, watazamaji huanza kwa kusema kilichowagusa. Kisha msanii mwenyewe anauliza maswali yake. Kisha watazamaji wanamuuliza yeye, maswali yasiyo na hukumu ndani. Maoni yanakuja mwisho kabisa, tena kwa kuomba ruhusa: "Nina maoni kuhusu mwanga, ungependa kuyasikia?"

Ukiisikia mara ya kwanza unaweza kuona ni mbwembwe. Ijaribu. Maswali yenye hukumu ndani tunayajua sana: "Kwa nini umepiga mchana wote huo?" Hilo si swali, ni kofi. Swali lisilo na hukumu ni: "Ulikuwa pale saa ngapi, na ungeweza kuchagua saa nyingine?" Yule mwenzetu alijibu kwamba boti ilimfikisha mchana na ilikuwa inageuka saa tisa. Basi ushauri wa "piga asubuhi" peke yake usingemsaidia kitu. Alihitaji ushauri wa mtu aliye na mchana tu.

Tukamuuliza pia alitaka tuone nini. Akasema: "Nilitaka muone hiyo kazi ni ngumu." Hapo sasa tukapata kipimo. Kila maoni yaliyofuata yalipimwa kwa swali moja: je, picha inatuonyesha ugumu wa kazi?

Pili, eleza unachokiona kabla ya kusema unachokifikiri

Edmund Burke Feldman, mwalimu wa sanaa wa Marekani, alipanga ukosoaji wa kazi ya sanaa katika hatua nne: kueleza, kuchambua, kufasiri, na mwisho kuhukumu. Sisi wengi tunaruka tatu za mwanzo na kutua kwenye ya nne. Hatua ya kwanza ndiyo tunayoidharau zaidi, kwa sababu inaonekana ya kitoto. Unasema tu kilichopo: mtu mmoja, mikono miwili, mchanga, dagaa, maji, anga. Kilicho karibu, kilicho mbali. Wapi peupe, wapi peusi. Jicho lako linaingilia wapi na linatokea wapi.

Faida yake ni kwamba mpiga picha anasikia kile ambacho picha inasema bila yeye kuwepo kuitetea. Yeye alikuwa pale. Anakumbuka joto, harufu, kelele za mashine za boti, na vyote hivyo anaviona ndani ya picha hata kama havimo. Wewe hukuwepo, kwa hiyo jicho lako ni mali kwake. Nyani haoni kundule, na mpiga picha haoni kilichobaki nje ya fremu yake.

Katika kueleza huko, dada mmoja wa mwaka wa pili akasimama kwenye mikono ya yule mama. Akasema: "Samahani, hapa anatandaza au anaokota?" Tukaangalia. Vidole vilikuwa vimefumbwa kuelekea juu. Mpiga picha akasema kwa kweli hajui. Alimsalimia mama, akaomba ruhusa, akapewa, kisha akapiga kutoka mbali. Swali likaandikwa pembeni. Nitalirudia.

Tatu, taja kinachofanya kazi, na useme kwa nini

Sifa siyo dhambi. Tatizo ni sifa isiyo na sababu. "Picha nzuri" haifundishi. "Mgongo wa mama umepinda, na mstari wa ufuko nyuma yake umepinda vilevile, jicho langu likateleza kutoka mgongoni hadi majini" inafundisha. Mwenzako huenda alifanya hivyo kwa bahati, lakini sasa akijua, mara ya pili atafanya kwa makusudi. Kwenye picha ile tulitaja mambo mawili: mgongo ule, na kwamba alishuka chini mpaka kamera ikawa sawa na kiuno cha mama. Wengi hupiga wakiwa wamesimama, na mtu aliyeinama anabaki kichwa na kitambaa tu.

Usitumie sifa kama sukari ya kumezea dawa. Watu wanaijua hiyo mbinu. Ukishasema "nimeipenda, ila..." masikio yao yanasubiri "ila" na sifa inakufa njiani. Sema sifa kwa sababu ni kweli, uiache isimame yenyewe.

Nne, taja kinachorekebishika, na useme kinarekebishwa lini

Hapa ndipo penye kazi hasa. Kasoro za picha zina makapu matatu. Kuna za kurekebisha leo, mezani: mstari wa ziwa uliolala unanyooshwa kwenye simu kwa sekunde kumi. Kuna za kurekebisha safari ijayo: pa kusimama, saa ya kwenda, umbali. Na kuna ambazo hazirekebishiki: kiwiko kilichokatwa hakirudi. Mwambie mwenzako kila kasoro iko kapu gani. Na usimpe kumi. Mbili au tatu zinatosha, zenye uzito zaidi kwa lile alilotaka kuonyesha.

Kwenye picha yetu uzito mkubwa ulikuwa usoni. Kama unataka tuone ugumu wa kazi, tunahitaji uso, na uso ulikuwa umezama gizani. "Uso mweusi" peke yake ni lawama. Maoni ya kujenga yanaeleza sababu. Kamera, hata ya simu, hukadiria mwanga wa picha nzima na kuuvuta kuelekea wastani. Ukiwa Rukuba mchana, maji yanawaka, dagaa wanawaka, mchanga unawaka. Kamera inaona mwangaza umezidi, inapunguza, na aliye katikati ya mwangaza huo anageuka kivuli. Dawa yake ni ndogo: gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu kabla hujapiga, halafu kama bado ni giza, pandisha mwanga kwa kidole. Maji nyuma yatakuwa meupe mno, sawa, lakini umesema unataka uso.

Jambo hili kwetu siyo dogo. Kuanzia miaka ya 1950, Kodak ilikuwa ikipeleka kwenye maabara za kusafishia picha kadi za kulinganishia rangi zilizojulikana kama Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe. Rangi ikikaa vizuri kwenye ngozi yake, mashine imewekwa sawa. Kwa miaka mingi ngozi nyeusi haikuwa kwenye hesabu, na sura za watu wetu zikatoka zikiwa zimepoteza alama zake. Kwa hiyo unapomwambia mwenzako namna ya kuuokoa uso wa mama wa kisiwani kutoka gizani, hujamwambia kijambo cha ufundi tu.

Kuhusu saa, tulimpa ushauri wa mtu mwenye mchana. Huku kwetu jua hufika utosini kati ya saa sita na nusu na saa saba, na kofia au kitambaa kinamwaga kivuli usoni. Akiwa hana namna, azunguke mpaka mchanga mweupe uwe mbele ya mama, umrudishie mwanga usoni kutoka chini. Na mvuvi akitaka kupigwa picha na taa za dagaa usiku, mwenzako aulize mwezi kabla ya kuuliza kamera. Dagaa huvuliwa kwa taa nyakati za giza. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazivuti samaki vizuri na wavuvi wengi hupumzika. Maoni ya namna hii anaweza kuyatoa hata asiyejua lenzi ni nini, alimradi amekulia mwaloni. Msikilizeni.

Tano, mkumbuke aliye ndani ya picha

Sasa narudi kwenye lile swali la mikono. Mwenzetu alipopata safari nyingine ya Rukuba, alichapisha picha ile, akaenda nayo. Akamkuta mama, akampa shikamoo, akampa picha yake. Mama aliitazama muda, akacheka, akaita majirani. Kisha, kwa jinsi alivyotusimulia mwenyewe, akamwambia hivi: "Asante mwanangu, nimependeza. Lakini mimi siku hizi naanika kwenye chanja. Hapa nilikuwa naokota waliomwagika. Mteja akiona hii atasema dagaa wangu wana mchanga, atanishusha bei."

Chanja zenyewe zilikuwepo siku ileile, hatua chache kushoto, nje ya fremu, upande uleule uliokatwa kiwiko.

Mwaloni kote watu wanajua dagaa wa mchangani na dagaa wa chanjani hawana bei moja. Wa chanjani ni safi, wa mchangani unawasikia menoni. Kwa hiyo picha iliyopewa moto kibao na maelezo ya "akianika dagaa" ilikuwa inamsema vibaya mtu kwenye biashara yake, bila mpiga picha kukusudia. Kurekebisha ufundi peke yake kungetupa picha angavu zaidi ya jambo lisilo kweli.

Ukitaka kujua uzito wa hili, mtazame Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na hapohapo Dar mwaka 1963 akaanzisha Camerapix. Mwezi Oktoba 1984 alipiga picha za njaa ya Korem, Ethiopia, ambazo ziliuamsha ulimwengu. Misaada ikamiminika, na tamasha la Live Aid likafanyika tarehe 13 Julai 1985. Picha zile ziliokoa watu, hakuna wa kubisha. Lakini zilipofuatwa na mafuriko ya picha za Waafrika wanyonge wasio na jina wala sauti, watu wakaanza kuuliza: je, hawa wanaoonyeshwa wangekubali kujulikana hivi? Mjadala huo ulichangia mashirika yasiyo ya kiserikali ya Ulaya kupitisha, mwaka 1989, kanuni za maadili juu ya picha na ujumbe kuhusu nchi zinazoendelea. Hiyo nayo ni ukosoaji wa kujenga. Haukumtukana mpiga picha, uliacha utaratibu ambao wengine wangeufuata.

Hapa kwetu ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inayolinda taarifa zinazomtambulisha mtu. Kwa hiyo ongeza maswali haya kwenye kila kikao: Aliombwa ruhusa? Anajua picha inakwenda wapi? Kama ni mtoto, mzazi anajua? Maelezo ya chini ni ya kweli? Akiiona mwenyewe, atajitambua au ataona aibu?

Mahali, cheo na masikio

Mambo machache ya mwisho. Sifa zinaweza kutolewa mbele ya watu. Kasoro nzito, hasa zinazohusu ruhusa au ukweli, mfuate mtu pembeni kwanza. Zungumza juu ya picha, siyo mtu: "fremu imekata kiwiko", siyo "huwa hujui kupanga". Usiingize bei ya kifaa. Simu haikumzuia yule mwenzetu kushuka chini mpaka kiunoni pa mama, na kamera ya milioni tatu haikufundishi kusalimia. Kaka na dada wa mwaka wa tatu, zungumzeni mwisho. Mkianza nyie, wa mwaka wa kwanza wote watakubaliana nanyi, na lile swali la vidole halitaulizwa.

Na wewe unayekosolewa: nyamaza kwanza, andika. Usijitetee kwa kusimulia yaliyokuwa nje ya picha, maana mtazamaji hatasafiri na wewe kumweleza. Wakimaliza, uliza swali moja la kweli. Kisha chagua. Maoni siyo amri. Ukitaka mstari wa ziwa ulale kwa sababu mtumbwi ulikuwa unayumba, uache ulale, lakini iwe kwa kujua.

Klabu inakutana kila Ijumaa jioni, na milango iko wazi hata kwa asiye na kamera. Njoo na picha moja tu, iliyochapishwa ikiwezekana, na swali moja juu yake. Kama kuna mtu ndani ya picha hiyo, panga pia nakala ya kumrudishia. Yeye ndiye mkosoaji mmoja ambaye hutampata kwenye grupu.